Simu ya mezani ya mama inaita tena, safari hii kwa intaneti

Mama kitochi anacho ila vitufe vyake vidogo na sauti hafifu, anachopenda ni ile simu yake ya mezani ambayo ilikuwa imekaa juu ya kabati bila kazi tangu laini ikatwe. Nikasema naifufua ile ile.

Nilikuwa na Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya kutosha kiganjani, nikaweka Asterisk, programu ya bure inayofanya kazi ya suichibodi, yenyewe ndo inajua nani yuko namba gani. Mama nikampa 101, mimi wa nyumba ya uani 102, dada yuko Mwanza 103. Simu ya mezani haijui intaneti kwa hiyo lazima adapta katikati, nilitumia Grandstream HT801, tundu moja waya wa simu, jingine waya wa ruta. Mimi na dada tukaweka Linphone, app ya kupiga simu kwa intaneti, kwenye simu zetu.

102 kwenda 101 ikakubali siku hiyo hiyo, mama katoka jikoni na unga mikononi!

Shida ikawa Mwanza. Inaita, dada anapokea, kimya pande zote. Siku tatu nahangaika. Kumbe mlio unapita njia yake na sauti njia yake, na Asterisk ilikuwa inaiambia simu ya dada ilete sauti kwenye 192.168.1.20, anwani ya humu ndani kwetu, sasa Mwanza ataipatia wapi? Nikaandika kwenye Asterisk anwani ya nje ya intaneti yetu, nikafungua poti (milango ya kuingilia kutoka intaneti) 5060 na 10000 mpaka 20000 kwenye ruta, sauti ikaja safi. Ila usiku nacheki logi, yaani kumbukumbu za Asterisk, naona watu nisiowajua wanajaribu pasiwedi mfululizo, nikashtuka nikafunga poti zote. Ndo nikaweka WireGuard, VPN yaani njia ya siri kati ya vifaa viwili, kwenye Pi na kwenye simu ya dada, hapo unafungua poti moja tu na asiye na ufunguo hajibiwi kitu. Kama unaanza leo anza na hii, usipite njia yangu.

Bando si kubwa, kwa kodeki (namna ya kufunga sauti isafiri) ya G.711 dakika moja ni kama MB 1.6 ikipita WireGuard.

Namba za kawaida haipigi, kitochi kinabaki pembeni kwa dharura. Na umeme ukikatika yote inazima, laini ya zamani ilikuwa inaleta umeme wake, so nimeweka UPS ndogo, betri ya akiba, kwa ruta, Pi na adapta. Mama 103 keshaikariri, akimaliza kuswali magharibi anapiga mwenyewe.