Siku moja ya mwezeshaji wa kisomo, msimu wa pamba

Saa 11 alfajiri naamka. Maji, ufagio, uji wa watoto, kisha shamba la mihogo hadi saa 4. Jirani yeyote hapa Magu, mkoani Mwanza, ana asubuhi kama hiyo, siirefushi.

Saa 5 nakaa chini na daftari la maandalio. Hapa ndipo kazi yangu inapoanza, na hapa ndipo watu wasipoiona. Wakisikia mimi ni mwezeshaji wa kisomo, yaani nafundisha watu wazima kusoma, kuandika na kuhesabu, hudhani naenda kuwaimbisha watu wazima a, e, i, o, u. Mwalimu mmoja alishaniambia mbele ya wenzake, “Hao wape irabu tu, wanakuja kupumzika.” Mwanamke aliyepalilia tangu alfajiri, akapika, akaogesha mtoto, kisha akatembea hadi darasani jioni, hakuja kupumzika. Muda anaonipa ameukata kwenye usingizi wake. Nikimrudisha nyumbani bila kitu cha kutumia kesho yake, simuoni tena, wala hataniambia kwa nini.

Ununuzi wa pamba umeanza, kwa hiyo somo la leo ni stakabadhi. Sehemu ya shabaha nimeandika: kila mwanakisomo aonyeshe kwa kidole jina la mkulima, kilo, bei na jumla. Neno kuu ni “kilo”. Tukilikata tunapata ki na lo, na kutoka hapo ka ke ki ko ku, la le li lo lu, na mtu anaanza kusoma “kula”, “lako”, “kila”, maneno ambayo sikumfundisha. Njia hii si yangu. Mwaka 1968 mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa ulianzia huku huku kanda ya ziwa, kwa msaada wa UNESCO, na vitabu vyake vilisomesha watu kwa pamba, uvuvi na migomba. Sensa ya 1967 ilikuta theluthi mbili hivi ya watu wazima nchini hawajui kusoma na kuandika. Kufikia 1986 takwimu za serikali zilisema wamebaki chini ya kumi katika mia. Waliofanya kazi ile wengi wao walikuwa wawezeshaji wa vijijini kama mimi, na hilo huniweka wima siku posho inapochelewa.

Nachora stakabadhi kubwa kwenye karatasi ya manila, tarakimu nene, maana wengi wangu wanahitaji miwani na hawana. Kilo 86, bei ya mfano 1,150 kwa kilo. Kwenye jumla naandika kwa makusudi 89,900 badala ya 98,900. Kisha nagawa kazi tatu kwa karatasi hiyo hiyo: anayeanza atafute jina na kilo, anayesoma kwa kusuasua asome mstari mzima, aliyekwisha kujua akague hesabu. Saa 7 imepita na bado nafuta na kuandika upya.

Saa 10 jioni niko shuleni. Ufunguo wa darasa unachelewa. Tunaamkiana kwa Kisukuma chini ya mwembe, “Mwadila, mayu,” “Mwadila,” na ninautumia muda huo kuuliza nani amekwisha kuuza na stakabadhi yake iko wapi. Wengi wanajibu: iko kwa mume.

Tumeingia. Jina limepatikana, kilo zimepatikana, mambo yanakwenda. Hapo mzee mmoja, ambaye tangu mwanzo amekataa kukaa kwenye dawati la watoto na kalamu hajaigusa, anasema kwa sauti, “Mwalimu, unatuchelewesha. Hesabu tunazijua.” Namuuliza jumla ni ngapi. Hajibu kwa daftari. Anafumba macho kidogo: “Kilo mia ingekuwa laki moja na kumi na tano elfu. Zimepungua kilo kumi na nne, hiyo ni elfu kumi na sita na mia moja. Toa. Tisini na nane elfu na mia tisa.” Sawa kabisa, na haraka kuliko mimi ubaoni. Darasa linapiga makofi. Namuuliza, karatasi inasemaje? “Hiyo ni kazi ya karani.” Namwambia leo karani ni yeye. Anakataa. Namwomba mara ya pili, ananigeukia kwa ukali kwamba hakuja kupimwa na mtu wa umri wa mtoto wake. Nimechoka, mgongo unauma tangu shambani, na jua linashuka, lakini simnyamazishi, kwa sababu anachokilinda ni heshima yake.

Mama muuza dagaa, ambaye kwenye hesabu ni wa mwisho, ndiye anayesimama. Anaweka kidole kwenye jumla. “Hii imeanza na nane. Baba amesema tisini. Tisini inaanza na nane?”

Basi pakawaka. Nani angepoteza elfu tisa, ungelalamika kwa nani, ungeshika nini mkononi kuonyesha? Kazi za silabi nilizozipangia sehemu kubwa ya kipindi zimepata dakika chache tu, na sijuti. Kwenye maandalio yangu huacha nafasi tupu kwa ajili ya moto kama huu. Tumeandika 8 na 9 ubaoni, hewani, mezani. Mzee hakushika kalamu. Amesema tu, “Hizo mbili niandikie, nitaziangalia nyumbani.” Nimemwandikia kubwa.

Giza likatutoa, darasa halina umeme. Njiani, ugali, watoto, vyombo. Sijui ni saa ngapi ninapolifungua tena daftari, lakini tathmini siilazi: nisipoiandika leo, kesho nitakumbuka makofi tu, nisahau nani hakusoma kitu. “Kilo” inarudiwa. Tarakimu 6 na 9 wengi bado wanazichanganya. Mama wa dagaa apewe kazi ya hatua ya pili. Mzee akaguliwe kwa mdomo kwanza, tarakimu zifuate, na atafutiwe kiti cha mtu mzima. Kipindi kijacho kila mmoja aje na stakabadhi halisi, hata ya msimu uliopita, na tutaanza na mstari ambao hakuna aliyewahi kuuliza unasema nini: makato.