Kuizunguka Aisilandi kwa baiskeli: ramani nimeichora upya

Tangu kumbukumbu iliyopita nimefuta mpango wote wa mwanzo. Niliupanga kwa kilomita, na sasa naona Aisilandi haipangwi kwa kilomita. Inapangwa kwa upepo.

Barabara namba 1 inaizunguka nchi nzima, kilomita 1,322. Tangu 2019 yote ni lami, na hilo ndilo lililonitia moyo. Niligawa kwa siku 18, nikapata kilomita 73 kwa siku. Kwa mtu aliyezoea kwenda Tukuyu kutoka hapa Mbeya Jumamosi asubuhi, niliona ni kazi ya kawaida. Kisha nikaanza kufuatilia utabiri wa idara yao ya hali ya hewa kila jioni. Wenzetu wanaandika upepo kwa mita kwa sekunde, kwa hiyo mwanzoni namba 15 haikunishtua. Nilipoigeuza nikapata kilomita 54 kwa saa. Upepo huo ukikujia usoni, hata kwenye mteremko inabidi ukanyage. Ukikujia ubavuni na mabegi manne yamening'inia, unakusogeza hadi katikati ya barabara.

Kinachonitisha zaidi ni kusini, kwenye tambarare za mchanga mweusi za Mýrdalssandur na Skeiðarársandur. Upepo ukivuma huko unaokota mchanga na kubabua rangi ya magari. Kutoka Vík hadi Kirkjubæjarklaustur ni kilomita 70 na kidogo, na njiani hakuna duka. Nchi nzima ina watu wasiofika 400,000, wengi wao wakiwa Reykjavík na vitongoji vyake, kwa hiyo ukikwama usitegemee kijiji mbele kidogo.

Mgawanyo mpya ni huu. Likizo yangu ni siku 28. Tatu ni za ndege na kufunga na kufungua baiskeli. Zinabaki 25: siku 20 za kuendesha na tano za kukaa ndani ya hema upepo unapokataa. Hizo tano sizigusi, hata kama wiki ya kwanza itakuwa shwari. Wastani unakuwa karibu kilomita 68 kwa siku, kwa sababu nimeongeza mzunguko wa ghuba ya Hvalfjörður. Handaki la pale, lililofunguliwa 1998, haliruhusu baiskeli. Karibu na Akureyri ni hivyo hivyo: handaki la Vaðlaheiði ni la magari, mimi nitapanda barabara ya zamani ya Víkurskarð.

Sehemu iliyonikosesha usingizi ni ile ya kutoka Egilsstaðir hadi ziwa Mývatn, kilomita 165 hivi za nyika tupu. Nimeikata vipande viwili kwa kulala Möðrudalur, shamba lililo mita 469 juu ya bahari, la juu kuliko yote yanayokaliwa na watu Aisilandi. Barabara za katikati ya nchi nimeziacha. Sprengisandur ina mito isiyo na madaraja, na sitaki kuvuka maji ya barafu peke yangu nikiwa nimebeba baiskeli begani.

Jambo moja linanipa nafasi: mwishoni mwa Juni jua la Reykjavík huzama baada tu ya saa sita usiku na kuchomoza kabla ya saa tisa. Giza hasa halipo. Upepo ukitulia saa saba usiku, nitafunga mzigo na kuondoka saa hiyo hiyo.

Sasa majaribio. Wiki mbili zilizopita nilipanda uwanda wa juu wa Kitulo na mzigo kamili wa kilo 22, kupitia Chimala. Zile kona 57 za kwenda Matamba nilisukuma baiskeli zaidi ya nusu. Juu kule mzee mmoja mwenye shamba la viazi alinipa mahali pa kusimika hema.

"Mwanangu, nyumba ipo. Kwa nini ulale nje na baridi hii?"

"Baba, nataka nijue kama nitaweza kulala hivi huko ninakokwenda."

"Haya. Ukishindwa usiku, gonga mlango. Mama yako hatakuwa amelala."

Sikugonga, ila alfajiri nyasi zilikuwa nyeupe kwa sakitu na jiko halikutaka kuwaka vizuri. Mtungi wangu una gesi ya butani, nayo ikifika karibu na nyuzi sifuri haigeuki kuwa mvuke. Niliuingiza ndani ya mfuko wa kulalia kwa robo saa, moto ukarudi, na chai nikaipata. Aisilandi nitanunua mitungi yenye mchanganyiko wa propani, kwa kuwa kwenye ndege haipandi hata mmoja.

Mfuko wa kulalia niliouchagua kwenye mitumba Mwanjelwa umenitosha kwa baridi kavu. Kwa mvua sijauhakikisha, na nyuzi 8 zenye mvua na upepo naziogopa kuliko sakitu. Soksi zilikuwa zimelowa jasho la mlima na sikuzibadilisha. Miguu haikupata joto hadi kulipokucha. Jozi moja ya sufu itakuwa ya kulalia tu, haitakanyaga pedali.

Kwenye njia ya kushuka spoku mbili za gurudumu la nyuma zilikatika, upande wa gia. Fundi wangu ameliangalia akasema rimu hii ya spoku 32 haiwezi mzigo wangu. Ananisukia nyingine ya 36, na ameniambia nikae pembeni nisuke mwenyewe mara ya pili, kwa sababu Möðrudalur hatakuwepo.

Maombi ya viza ya Schengen, ile ya kuingia Aisilandi na nchi nyingi za Ulaya, hayapokelewi zaidi ya miezi sita kabla ya safari, kwa hiyo faili linasubiri. Bima ya angalau euro 30,000 nimeshapata bei zake.

Gurudumu likiwa tayari Ijumaa, Jumamosi napanda Kitulo tena, safari hii kwa kupitia Isyonje. Upande huo upepo wa msimu huu unakuja usoni.