Kofia ya Ijumaa

Yule wangu wa darasa la tano alikuwa amejilaza mkekani na Adili na Nduguze kifuani, mimi nachambua mchele. Amefika pale ndugu wawili walipogeuzwa manyani kwa kumtosa ndugu yao baharini, na Adili maskini kila usiku inambidi awachape bakora. Akanyanyua kichwa.

"Mama, huyu jini ana nguvu zote hizo, kwa nini asiwapatanishe tu?"

Nikamwambia asome mbele. Mchele niliurudia mara mbili, na bado jioni tuliula na mawe.

Swali hilo angeulizwa Shaaban Robert mwenyewe, mtu wetu wa Machui, lakini yeye katutoka tangu 1962. Limeniangukia mimi, ambaye wengine wenu mmeshanilalamikia: mbona majini wa hadithi zako hawamalizi shida ya mtu? Baba anabaki hana kazi, mama anabaki na deni, jini anapita tu kama mgeni aliyekosea nyumba. Basi sikilizeni.

Mwaka 1998 nilikuwa na miaka tisa, tunakaa Ngamiani, Tanga. Baba alikuwa fundi wa korona, ile mashine ya kuchakata mkonge, kwenye shamba moja, mpaka korona iliposimama. Kila aliyekanyaga baraza yetu alisomewa risala ile ile: mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi hii ilitoa tani zaidi ya 200,000 za mkonge kwa mwaka, zikaja kamba za nailoni, bei ikaanguka, na sisi tukaanguka nayo. Alipochoka kuisoma akapanda basi kwenda Mererani kutafuta tanzanite. Mama akabaki na karai la vitumbua na watoto wanne.

Usiku, kandili ikishapunguzwa, Mama huita: "Paukwa!" Nasi: "Pakawa!" Hadithi ilikuwa moja tu, ikirefushwa kila siku kama mkeka. Kulikuwa na jini mwanamke anayekaa ndani ya jabali, anaazima waume za watu wamchimbie mawe ya rangi ya bahari ya jioni, na kila anayechimba kwa subira humrudisha kwake na kiberiti kimejaa mawe. Sikuwa mjinga, nilijua anayesemwa ni nani. Lakini jini nilimwamini kabisa.

Aprili ile mvua za El Niño zilikuwa hazijakatika. Redio ya jirani ikatangaza kwamba maji yameingia kwenye mashimo ya Mererani na watu wengi wamezama humo ndani. Mama alikuwa anageuza vitumbua. Aliendelea kugeuza. Usiku ule hakuita paukwa. "Leo nimechoka, wanangu." Kesho yake vivyo hivyo, na wiki nzima.

Nikapiga hesabu zangu. Kama hadithi imekatika, jini amekasirika. Anakaa jabalini. Na watoto wote wa mtaani tulijua kwamba pango la Amboni linakwenda chini kwa chini mpaka Kilimanjaro, na Mererani si ndiyo huko huko? Ukisema kitu Amboni, kitafika. Nikaandika barua kwenye karatasi ya daftari, nikatafuta yai (tusiulizane wapi), na Jumamosi binamu yangu wa Kiomoni akanipakia kwenye baiskeli. Kilomita nane hivi, nusu yake tope. Kwao wanachoma chokaa, na pango analijua kama uani kwao, maana huwashikia wageni tochi kwa shilingi mbili tatu.

Njia ya kuingia siikumbuki vizuri. Nakumbuka kuinama, kisha kutambaa, na popo. Nakumbuka harufu: ubani juu ya kinyesi cha popo, na marashi ya waridi juu ya vyote viwili, kama harusi iliyofanyiwa bandani.

Binamu akaelekeza tochi mahali watu wanapoweka nadhiri zao. Chupa za marashi zimelala. Sarafu. Vipande vya kaniki na vitambaa vyekundu. Na katikati, juu ya jiwe, kofia ya viua.

Nilifikiri kofia zote zinafanana. Nikasogea. Mshono wa tatu kutoka chini ulikuwa wa buluu, mwingine wote mweupe. Uzi mweupe ulimwishia Mama katikati ya Ramadhani, akashona kwa buluu akisema hakuna atakayeona, na Baba akaivaa Ijumaa ile kwa maringo kana kwamba buluu aliiagiza. Alipokwenda mgodini aliiacha. Mama alituambia imeibiwa kambani.

Tone la maji lilikuwa likidondoka kutoka juu, likitua pale pale kwenye utosi wa kofia. Tap. Kimya kirefu. Tap. Kitambaa kimelowa, kimebonyea kama ngozi ya mtu. Ndani yake, kitumbua kimoja, siafu wameshakitoboa.

Binamu akaniuliza, "Vipi, umemwona jini?"

Sikujibu. Kilichonishtua si kofia. Kumbe aliyetunga hadithi naye alikuwa ameisadiki. Au hakuisadiki, ila hakuwa na mlango mwingine wa kubisha. Mpaka leo hapo sijapata jibu. Nikaweka yai kando ya jiwe. Barua nikairudisha mfukoni, maana maombi mawili kutoka nyumba moja nilihisi ni usumbufu.

Nyumbani Mama aliiona miguu yangu, myeupe kwa chokaa mpaka magotini. Akaleta kopo la maji, akaniosha kidole kimoja kimoja, asiulize neno. Usiku akaita paukwa.

Baba alirudi Septemba, amekonda, hana jiwe hata moja. Wakati wa mafuriko alikuwa kitandani Arusha na malaria, ndiyo iliyomtoa shimoni. Ijumaa ya kwanza akauliza kofia yake.

"Iliibiwa kambani," Mama akasema, macho yamenitua mimi.

"Mwizi ana jicho," Baba akasema. Kazi hakupata mpaka miaka miwili baadaye, na si ya korona.

Sasa Mama anaishi nami, macho hayaoni uzi tena. Jana nilimsomea haya yote, tangu mchele mpaka kopo la maji. Alisikiliza amefumba macho, nikadhani amelala. Kisha akasema:

"Na lile yai. Lilikuwa la kuku wa nani?"