Nilifuata kinamasi, si kilele

Watu wakisikia ulienda Mlima Kenya swali ni moja tu, ulifika kilele cha Lenana? Mimi sikufika wala sikupania kufika. Nilitaka ile sehemu ambayo wengi wanaipita mbiombio wakilalamika, pale juu msitu unapoisha, njia ya Naro Moru.

Tulilala kambi ya Met Station, mita 3,050 hivi, tukaondoka saa kumi na mbili asubuhi maana mchana ukungu unapanda na huoni kitu (na kwenda peke yako hairuhusiwi, ukishakutana na huo ukungu utaelewa kwa nini). Miti ikawa mifupi, ina ndevu, halafu ghafla hakuna mti, ni mteremko mzima wa nyasi umelowa chapachapa. Wapandaji wanapaita Vertical Bog, yaani kinamasi cha wima, na mimi nilidhani ni utani, kwa sababu kinamasi nilichozoea kinakaa bondeni kimetulia, kumbe hiki kimeukwea mlima! Unaruka kutoka kishungi kimoja cha nyasi hadi kingine, ukikosea unazama mpaka ugokoni, na kuna wakati kiatu kilibaki ndani ya tope mimi nikabaki nimesimama kwa mguu mmoja kama korongo, kiongozi wetu anacheka tu.

Baada ya hapo ni bonde la Teleki mpaka kambi ya Mackinder's, mita 4,200. Kichwa kiligonga, nikanywa maji, nikalala.

Saa nane usiku wenzetu wakaamka kwenda Lenana. Mimi nilitoka alfajiri kwenda kuangalia lobelia, ile mimea mikubwa ya huko juu, jamani. Usiku zinajifunga kama kabeji, majani yote yanakunjana kukinga kichipukizi cha katikati, na ndani zinahifadhi maji. Nikachungulia moja karibu na kijito nikatia kidole, juu barafu nyembamba, nikaivunja, chini maji kabisa! Jua likapanda zikaanza kufunguka polepole, na ile lobelia ya aina nyingine yenye manyoya kama mkia wa mnyama ikapata mgeni, ndege chozi akawa anachovya mdomo humo. Hiyo ya manyoya inakaa miaka na miaka, inatoa maua mara moja tu halafu inakufa. Nilikaa hapo karibu saa mbili, pimbi mmoja ananikodolea macho kama nimekalia jiwe lake, na labda kweli.

Wenzetu wakarudi hoi na picha zao za kilele, nzuri tu, tukashuka pamoja. Kinamasi ni kilekile, ila safari hii nilikishuka kwa makalio.