Ijumaa Moja ya Hazani, Brooklyn

Wakisikia mimi ni hazani, mwimbishaji sala wa sinagogi, watu huniuliza: "Siku sita zilizobaki unafanya nini?" Basi hii ni Ijumaa yangu moja ya Desemba.

Saa 12 asubuhi. Maji ya uvuguvugu, sala, kisha kimya. Koo ndilo jembe langu.

Saa 4. Mazishi, Queens, mtaa mwingine wa New York. Sisi Wayahudi huzika haraka, na leo hakuna muda wa kupoteza: jua linazama saa 10 na nusu hivi, na Sabato huingia dakika 18 kabla. Naimba sala ya kumwombea marehemu huku upepo ukinijaa mdomoni. Njia ya kurudi, foleni ya magari mwanzo mwisho.

Saa 7. Mvulana wa miaka 13, bar mitzva yake, sherehe ya kuingia utu uzima wa kidini, ni Sabato ya wiki ijayo: atasoma Torati mbele ya watu. Gombo la Torati limeandikwa konsonanti tu: halina irabu, halina alama za mahadhi. Yote hayo msomaji huyabeba kichwani, akifuata mstari kwa kijiti cha fedha maana ngozi ya gombo haiguswi kwa kidole. Kijana anayajua, ila sauti ndiyo inavunjika. Akipanda tu, inakwaruza. Nashusha sauti ya kuanzia, tunarudia. Mama yake amekaa pembeni, simu mkononi.

"Hazani, si upunguze nusu? Wageni watachoka, chakula kitapoa."

"Mama, Torati haikatwi."

"Basi soma wewe, yeye achezeshe mdomo."

Kijana kimya. Kijiti kimeganda palepale kwenye neno. Namwambia aendelee. Sauti inakwaruza tena, lakini hakosei hata neno moja. Mama alikuwa anaongea na mpishi, hakusikia.

Kula sijala. Jioni, kwenye sala ya sinagogi, hakuna kipaza sauti, umeme hatuugusi Sabato. Ukumbi wote naujaza kwa pumzi. Tukimaliza, mzee mmoja ananishika mkono: "Enzi za Yossele Rosenblatt watu walikuwa wanalia!" Rosenblatt, hazani maarufu wa zamani, alifariki 1933, mzee mwenyewe alikuwa hajazaliwa. Mwaka 1918 opera ya Chicago ilimwahidi dola 1,000 kwa usiku, akakataa. Mimi hata wa kumkatalia sijampata.

Nyumbani kwa miguu, gari halipandwi.

Naandika Jumamosi usiku, Sabato imetoka. Nimewasha simu, ujumbe wa kwanza ni wa yule mama: anaweza kuleta mpiga kinanda? Kwetu Sabato haina kinanda. Sijamjibu bado.