Gunia si kilo: bei ya mzigo wa Molo hadi Kisumu

Miaka kumi na moja niliendesha lori la mtu. Machi mwaka huu nikapata langu, Isuzu FRR iliyotumika, kwa mkopo wa sacco, na wiki hiyo hiyo nikagundua kwamba kutaja bei ya mzigo sikuwahi kufanya hata siku moja. Tajiri ndiye aliyekuwa akiongea kwenye simu. Mimi nilikuwa napewa funguo na pesa ya dizeli, basi.

Broka wa kwanza alinipigia nikiwa bado nafunga turubai. Viazi, kutoka Molo hadi soko la Kibuye, Kisumu. Magunia 60, shilingi 400 kila gunia. Nikapiga hesabu kichwani: 24,000, na dizeli haitafika 17,000. Nikamwambia sawa bosi, nakuja. Gunia lina kilo ngapi, sikuuliza.

Nilipofika shambani niliyakuta yamepangwa kando ya barabara, lumbesa tupu. Gunia limejazwa hadi mdomoni, halafu juu limeshonewa wavu, na ndani ya wavu viazi vimerundikwa kama kilemba. Moja linainuliwa na wanaume wanne. Kanuni za viazi za 2019 zinasema gunia lisizidi kilo 50, na hilo nilikuwa nalijua. Lakini neno lilikuwa limeshanitoka, na mkulima alikuwa ameshachimba viazi vyake. Tulipopakia la mwisho, springi za nyuma zilikuwa zimenyooka kabisa.

Mau Summit, tunakopita njiani, inapita mita 2,400 kutoka usawa wa bahari. Kisumu iko 1,100 na kitu. Kwa hiyo mzigo wote huo unaushusha, na unaushusha kwa gia, si kwa breki. Kabla ya Awasi nilisikia harufu ya breki zinazoungua. Nikatoa gari barabarani, utingo akaweka mawe kwenye tairi, tukakaa saa nzima bila kuongea. Yule kijana ana mtoto wa miezi mitatu. Hiyo saa sijaisahau.

Kibuye nilimwomba mama mwenye mzigo tupime gunia moja. Kilo 142. Akaniangalia akasema, "Mwanangu, kwani hukuambiwa?" Zidisha mara 60: tani 8 na nusu, kwenye gari ambalo kwangu mwisho wake ni tani 6. Nilikuwa nimebeba kwa chini ya shilingi 3 kwa kilo, kisha nikarudi nyumbani Nakuru tupu, nikiupanda mlima ule ule kwa dizeli yangu.

Usiku huo niliketi na daftari. Kwenda na kurudi, nikipitia Molo, ni kama kilomita 380. Gari langu linakula lita moja kwa kilomita 4, kwa hiyo lita 95, na nikiiweka dizeli shilingi 170 napata 16,000 na kidogo. Tairi sita na sevisi, nikizigawa kwa kilomita, ni kama 2,000 kila safari. Utingo 1,500. Chakula na mlinzi wa usiku, 1,000. Mkopo ni 58,000 kwa mwezi na safari zangu ni kumi, basi 5,800. Bima 1,500. Mshahara wangu mimi dereva nikauandika 2,000, na hapo nilisita kidogo, maana madereva wengi wenye gari lao huo mstari hawauandiki kabisa. Jumla, karibu 30,000. Kwa tani 6, hiyo ni shilingi 5 kwa kilo na sijapata faida hata ya soda.

Sasa bei yangu ya Molo hadi Kisumu ni shilingi 5 na nusu kwa kilo, yaani 275 kwa gunia la kilo 50. Nikiwa na mzigo wa kurudi, nashuka hadi 4 na nusu. Nimenunua mizani ya kuning'iniza, utingo anaifunga kwenye chuma cha bodi na tunapima mbele ya mwenyewe. Na bei nikiitoa leo, inaishi hadi tarehe 14, kwa sababu siku hiyo EPRA, mamlaka ya nishati, hutangaza bei mpya ya mafuta, na mtu asinipigie tarehe 16 akidai ile ya zamani.

Mzigo wa kurudi niliupata Ahero, kwenye vinu vya mpunga: maganda, ya kutandikia kuku huku Nakuru. Haya ni kinyume cha viazi. Bodi inajaa hadi juu na gari halihisi kitu, kwa hiyo kilo hapo hazina maana, natoza bodi nzima.

Yule broka alinipigia tena wiki jana. Nikamwambia kilo, si gunia. Akasema wako wengi wanaobeba, akakata. Siku mbili gari lilisimama uani, na sitaficha, siku ya pili sikulala vizuri. Halafu mama wa Kibuye akapiga mwenyewe, bila broka. Anataka kabichi kutoka Njoro, Jumatatu. Kabichi huuzwa kwa kuhesabu vichwa, na bei yake bado sina. Nimemwambia nitafika mapema na mizani, tupime vichwa ishirini kwanza, ndipo tuongee.