Kifaranga Aliyekaa na Njaa

Julai ya Njombe haina masihara. Mwaka 1997 nilikuwa na miaka 13, na baba alikuwa na zamu ya usiku kwenye kiwanda cha chai. Alfajiri alirudi miguu imekufa ganzi, anaikalisha karibu na moto muda mrefu kabla ya kusema neno. Nikajiapiza kumfumia soksi. Sweta la mikono mifupi nilikuwa nimeshalifuma, kwa hiyo nilijiona fundi.

Kisigino kikanitoa jasho. Bomba la mguu lilishuka vizuri, vitanzi 48 kwenye spoku tatu za baiskeli zilizokatwa na kusuguliwa kwenye jiwe, ya nne ndiyo inayofuma. Shida ilikuwa pale soksi inapotakiwa kukata kona. Mara ya kwanza nikaenda moja kwa moja, kikatoka kitu cha kubebea chupa. Nikafumua. Mara ya pili nikapunguza vitanzi upande mmoja, ikapinda kama ndizi. Nikafumua. Uzi wenyewe ulitokana na sweta la mtumba, nalo lilikuwa limefumuliwa, na uzi ukiusumbua hivyo huota manyoya, kisha hukatika. Mara ya tatu ulikatika. Nikalia.

Shangazi alikuwa anachochea moto. Hakunibembeleza.

"Weka hiyo soksi. Mfumie mdogo wako kifaranga."

Mdogo wangu ni mwanawe, alikuwa na miaka minne. Nilinuna kweli. Mimi nahangaika na miguu ya mtu mzima, yeye ananipa midoli! Lakini kwa shangazi hukatai jambo, unanuna huku mikono inafanya.

Akanipa mabaki ya uzi wa manjano. Vitanzi 24 tu, vinane kila spoku. Nikazunguka safu chache, likatoka bomba dogo la kuingia vidole viwili. Akasema, "Sasa shika nusu, hivyo vingine vilale. Fuma 11, acha kimoja, geuka. Fuma 10, geuka. Tisa, geuka. Vikibaki vinne katikati, anza kurudi, kila safari unaokota kimoja ulichokiacha."

Sikuona maana yake. Halafu kila nilipogeuka palibaki tundu. Akaichukua kazi, akauzungusha uzi shingoni mwa kile kitanzi kinachoachwa, akanirudishia. Hakueleza. Nilifumua mara mbili, lakini safu za vitanzi 12 unazifumua na kuzirudia kabla maji ya chai hayajachemka. Hakuna cha kulilia hapo. Mara ya tatu matundu yakafumba, na kitako cha kifaranga kikavimba nyuma, kimekaa kama cha kuku wa kweli.

Nikanyosha mkono kwenye mfuko wa sufi nimjaze.

"Ngoja. Ingiza vidole kwanza."

Nikaingiza. Vidole vikashuka na bomba, vikafika kwenye kitako, vikakunja, vikakaa. Nikamgeuza yule kifaranga juu chini nikamtazama. Nikamtazama shangazi. Alishageukia moto wake, anapuliza kuni mbichi za miwati, lakini mgongo wake ulikuwa unacheka.

Usiku uleule nikaanza upya soksi ya baba. Kifaranga nilimweka pajani, bapa, bila sufi, maana ilibidi kila mara nimfungue mdomo wa bomba na kuhesabu ndani safu zilivyogeuka. Kwenye soksi nusu ni vitanzi 24, kwa hiyo ukikosea unakosea parefu. Mdogo wangu akawa anakuja kila jioni, anamgusa tumbo.

"Dada, ameshakula?"

"Bado."

Anaondoka kwa huzuni ya mtu mwenye mgonjwa.

Agosti ilikuwa imeshaingia nilipomaliza. Kisigino cha kushoto kilichongoka kidogo. Baba alikivaa hivyohivyo na kuniambia hakijambo. Ndipo nikamwita mdogo wangu, nikampa mfuko wa sufi na kijiti. Alimlisha yeye mwenyewe, tonge kwa tonge, anasukuma, anaongeza, mpaka vitanzi vikaachama na sufi ikaanza kuchungulia tumboni. Nikataka kumpunguzia.

"Muache," akasema. "Ana njaa ya siku nyingi."